Malezi ya Sauti: Mwimbaji Kijana wa Kwaya kama Mtunzi Asiyetajwa

Utangulizi

Tamasha za Muziki za Kenya, ambazo historia yake inaanzia mwaka 1927, zimekuwa kwa muda mrefu ghala la wahakiki wa fasihi simulizi. Mwanafunzi wa uzamili asiye na nauli wala muda wa kuzuru vijiji kumi huweza kuketi ukumbini siku chache tu na kurudi na nyimbo za jamii nyingi. Nyimbo hizo huandikwa, hufasiriwa kwa Kiswahili, hugawanywa kwa misingi ya dhima na hatimaye huhakikiwa: hii ni bembelezi, ile ni hodiya, nyingine ni wimbo wa jandoni. Karibu katika kila tasnifu ya aina hii mwimbaji huonekana mara moja tu, katika sura ya mbinu za utafiti, akiwa amekwisha kugeuzwa idadi.

Makala haya yanakusudia kumtoa mwimbaji huyo katika hesabu na kumweka katika uhakiki. Hoja yetu ni kwamba kijana anayeimba katika kwaya haji na koo tupu linalongoja kujazwa na mwalimu. Huja na malezi: nyimbo alizobembelezwa kwazo, sauti alizozisikia msikitini au kanisani, vilio vya matanga, redio ya jirani, michezo ya uwanjani. Malezi hayo huathiri namna anavyolitamka neno, mahali anapovuta pumzi, irabu anayoirefusha na ile anayoimeza. Kwa kuwa katika fasihi simulizi mambo haya si mapambo bali ni sehemu ya matini yenyewe, malezi ya kimuziki ya mwimbaji ni sehemu ya utunzi. Mhakiki asiyeyachunguza huwa anahakiki nusu ya kazi na kuiita nzima.

Tutaitetea hoja hii kwa mifano mitatu: neno la Kiswahili linapotiwa katika mahadhi ya Kizungu, wimbo wa taifa wa Kenya, na Missa Luba, kazi iliyozaliwa Kamina katika eneo la Katanga na ambayo baadaye iliimbwa na kwaya ya Kenya. Kabla ya hapo hatuna budi kulitazama swali lenyewe ambalo sisi watafiti tumezoea kuuliza, kwani huenda makosa yetu yanaanzia hapo.

Swali Linaloulizwa Vibaya

Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimsimamia alikusanya nyimbo kutoka kwaya ya shule moja ya upili ya wasichana. Mojawapo ulikuwa wimbo wa jamii ya magharibi mwa Kenya, na msichana aliyeuongoza alikuwa mzaliwa wa pwani. Kila alipofika mwisho wa kipande, msichana huyo aliipindapinda irabu ya mwisho kabla ya kuiachia, na waitikiaji wakampokea. Mwamuzi alisema hadharani kwamba madoido hayo ni mageni kwa jamii husika, na akapunguza alama. Mwanafunzi wangu naye, alipouandika wimbo huo, aliiacha ile mipindo. Katika tanbihi alieleza kuwa ni kosa la mwimbaji. Nami, sina budi kukiri, niliipitisha sura hiyo bila kutia neno.

Jambo lililonizindua lilikuwa hojaji. Mwanafunzi alikuwa amewauliza waimbaji wote: 'Je, una usuli wowote wa kimuziki?' Wengi walijibu kwamba hawana. Miongoni mwao alikuwa yule yule kiongozi. Nilishangaa kwamba mtu mwenye ufundi kama ule angejiona hana usuli, nikamwomba mwanafunzi arudi amuulize upya, safari hii bila kulitumia neno muziki. Ikabainika kwamba msichana huyo alikuwa amesoma madrasa tangu utotoni na alizoea kuongoza kasida wakati wa maulidi. Hakudanganya katika hojaji. Kwake yeye kasida haikuwa muziki. Muziki ni zumari na magitaa, ni mambo ya harusini na redioni. Kasida ni ibada.

Hapa pana suala la istilahi ambalo sisi wanafunzi wa lugha tulipaswa kuliona mapema. Neno muziki ni la mkopo, na lilipoingia katika Kiswahili halikuja kuziba pengo tupu. Lilikuta maneno yenye mipaka yake. Ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni tukio zima linalowakusanya watu. Wimbo ni maneno yenye mahadhi. Kasida, maulidi, dua, utenzi unaoghaniwa na kilio cha matanga vyote vina sauti zilizopangwa, lakini wenyewe hawaviweki katika kapu moja. Kwa hiyo mtafiti anayeuliza juu ya usuli wa kimuziki hupata habari za wale waliopiga kinanda au kusoma nota, na huwapoteza wale ambao malezi yao ya sauti ni ya kina zaidi. Hojaji yetu ilikuwa imewachuja vijana kwa kipimo cha shule, kisha ikatangaza kwamba nje ya shule hakuna kitu.

Ndiyo maana katika makala haya tunapendelea kusema malezi ya sauti badala ya usuli wa kimuziki. Neno malezi linatukumbusha kwamba jambo hili huanzia nyumbani, kwamba lina walezi, na kwamba mlelewa halichagui lote.

Fanani Asiye na Wasifu

Nadharia yetu ya fasihi simulizi haijamsahau mtendaji. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba kazi simulizi haiwezi kutenganishwa na utendaji wake. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika Mulika mwaka 1989, alikwenda mbele zaidi na kuieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani, mahali, wakati na tukio lenyewe. Maelezo haya yametufaa sana madarasani. Hata hivyo, jinsi tunavyoyatumia imekuwa finyu. Tunapomtaja fanani huwa tunamtazama kuanzia pale anaposimama mbele ya hadhira. Alikotoka na sauti yake hatukuulizi. Fanani wetu amekuwa mhusika asiye na wasifu.

Mtaalamu aliyeyachukulia malezi ya waimbaji wachanga kwa uzito ni John Blacking, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wavenda wa Afrika Kusini na kuchapisha mwaka 1967 kitabu kuhusu nyimbo za watoto wao. Dhana iliyotawala wakati huo ilikuwa kwamba nyimbo za watoto ni hatua ya kwanza, nyepesi, na kwamba mtu hupanda kutoka hapo hadi kufikia muziki wa watu wazima. Blacking alionyesha kwamba mambo hayako hivyo. Nyimbo zinazoonekana sahili za watoto wa Kivenda zina uhusiano wa ndani na tshikona, ngoma kuu ya jamii yao inayopigwa kwa filimbi za mwanzi. Mtoto anayeimba wimbo wa noti chache huwa tayari ameisikia tshikona, na wimbo wake ni kama kipande kilichokatwa kutoka kitambaa hicho kikubwa.

Funzo la Blacking kwa mhakiki wa fasihi ni hili: usahili wa matini ya mtoto unaweza kuwa udanganyifu wa karatasi. Tukiyatazama maneno peke yake tutaona takriri na vijineno visivyo na maana. Tukiyasikiliza masikio yaliyomlea mtoto tutaona kwamba takriri hiyo ni dondoo la kazi kubwa zaidi. Ni aina ya mwingilianomatini, ila matini inayodondolewa haikuandikwa popote.

Neno Linapotiwa katika Mahadhi

Tuanze na jambo dogo linaloweza kupimwa. Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Wamisionari walipozitafsiri nyimbo za kanisa, kwa kawaida waliyafasiri maneno na kuyaacha mahadhi kama yalivyokuwa huko Ulaya. Sasa mahadhi mengi ya Kiingereza yamejengwa juu ya mapigo yanayokwenda kwa jozi: silabi nyepesi kwanza, kisha nzito. Tulichukue neno la kawaida, tunakushukuru. Lina silabi sita, tu-na-ku-shu-ku-ru, na mkazo wake uko kwenye ku ya pili. Likitiwa katika mahadhi ya aina hiyo, mapigo yataangukia na, shu na ru. Katika mapigo matatu hakuna hata moja linalofika mahali pake. Lau mahadhi yangeanza kwa pigo zito, mapigo yangeangukia tu, ku na ku, na pigo la mwisho lingekutana na mkazo wa kawaida wa neno bila taabu.

Katika lugha za toni, kama vile Kikuyu na Dholuo, athari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti huko kunaweza kutofautisha maana. Kiswahili kimenusurika hatari hiyo, na pengine ndiyo sababu hatujalishughulikia jambo hili ipasavyo.

Mtoto anayekulia katika uimbaji huu kila Jumapili hulizoea neno kwa sura mbili, ya mazungumzo na ya wimbo, na hatimaye husadiki kwamba wimbo ni mahali ambapo mkazo huhama. Malezi haya humfuata hadi jukwaani. Nimewasikia vijana wakighani kwa pamoja shairi la mizani kumi na sita huku wakiukata mstari kwa mapigo mazito yaliyolingana, kama ubeti wa kanisani. Mizani zilitimia, vina vikaitikiana, lakini shairi lilikuwa limevaa kanzu ya kwaya. Nimewasikia pia wengine, waliozoea kasida, wakilighani shairi kwa kuivuta irabu ya mwisho wa kila kipande, hata kina kikasikika kabla ya kufikiwa. Matini ilikuwa na umbo lile lile kwenye karatasi. Kwa sikio, yalikuwa mashairi mawili.

Mjadala wetu wa miaka mingi kuhusu arudhi umeshughulikia vina na mizani kama mambo yanayohesabika. Mfano huu unadokeza kwamba baada ya kuhesabu bado kuna kazi. Mizani ni kipimo cha mtunzi. Jinsi mizani hizo zinavyobebwa ni uamuzi wa mwimbaji, na uamuzi huo una historia.

Bembelezi Iliyosimamishwa Wima

Mfano wa pili unamhusu kila mtoto aliyepitia shule ya Kenya. Mahadhi ya wimbo wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963 wakati nchi ikielekea kwenye uhuru, yametokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, jamii inayoishi kandokando ya Mto Tana. Mzee wa Kipokomo, Meza Moroa Galana, ndiye anayetajwa kuhusiana na mahadhi hayo. Kazi ya kuyatayarisha ilikabidhiwa jopo la wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha kupendeza, kisha ikaachwa. Tukiitazama kihakiki inatoa mambo mawili. La kwanza ni la dhima. Bembelezi ni wimbo wa mtu mwenye nguvu kwa mtu asiye na nguvu: mlezi anamtaka mtoto atulie, na anamhakikishia usalama. Wimbo wa taifa, kwa maneno yake ya Kiswahili, ni dua. Anayeimba sasa ndiye anayeomba ulinzi. Mahadhi ni yale yale, lakini aliyekuwa akibembeleza amekuwa mbembelezwa. Mabadiliko haya hayamo katika maneno peke yake, wala hayamo katika mahadhi peke yake. Yanaonekana pale tu mhakiki anapojua kile ambacho mahadhi hayo yalifanya nyumbani kabla ya kuitwa na taifa.

La pili ni la waimbaji. Watoto mia tano wanaposimama wima mbele ya bendera, wote huimba matini moja. Lakini mtoto aliyewahi kulazwa kwa wimbo ule na mtoto aliyekutana nao gwarideni kwa mara ya kwanza hawaimbi kutoka mahali pamoja. Kwa mmoja kuna safari kutoka mgongoni mwa mama hadi uwanjani. Kwa mwingine kuna amri ya kusimama. Uhakiki unaosema kwamba wimbo wa taifa una maana moja kwa wote unarudia kauli ya sherehe tu.

Ikumbukwe vilevile kwamba waliouhifadhi wimbo huo hadi ukafika mbele ya jopo hawakuwa na usuli wa kimuziki kwa maana ya hojaji yetu. Ni walezi, na walionao walilala usingizi wakiusikia.

Kamina: Misa Iliyotungwa na Wasiotajwa

Mfano wa tatu unatutoa Kenya, ingawa haututoi katika eneo la Kiswahili. Kamina ni mji wa Katanga, katika nchi ya Waluba, na Katanga ni mojawapo ya maeneo ya Kongo ambako Kiswahili kimekita mizizi. Hapo ndipo padre Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen, alipoanzisha katika miaka ya 1950 kwaya ya wavulana wapatao 45, wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Kwaya hiyo ilipewa jina la Kifaransa, Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin. Kazi iliyotokana nayo, Missa Luba, iliimbwa katika misa kwa mara ya kwanza huko Kamina mwezi Machi 1958, na mwaka huo huo kwaya ikaizuru Ulaya. Rekodi yake ilisambaa sana. Sehemu ya Sanctus ilitumiwa hata katika filamu ya Kiingereza If.... ya mwaka 1968.

Maneno ya kazi hii ni yale ya kawaida ya misa, ya Kilatini na, katika Kyrie, ya Kigiriki. Haazen hakuyatunga, wala wavulana hawakuyatunga. Mahadhi hayakuandikwa kwanza kwa nota kisha yakafundishwa. Yalijitokeza katika uimbaji wa pamoja wa papo kwa papo, waimbaji wakiyatia maneno ya misa katika mitindo waliyoijua, na baadaye ndipo yakaandikwa. Kwa mujibu wa maelezo yanayoambatana na kazi hiyo, Kyrie imeimbwa kwa mtindo wa kasala, Sanctus imetokana na wimbo wa kuagana, na Hosanna ina mapigo ya ngoma ya Kasai.

Tusimame kidogo kwenye kasala. Huu si mtindo wa sauti tu. Ni utanzu wa fasihi ya Waluba, na umechunguzwa kwa kina na wataalamu wa Kikongo, wakiwemo Patrice Mufuta katika kitabu cha mwaka 1969 na Clémentine Faïk-Nzuji katika kitabu cha mwaka 1974. Kasala hutaja majina: huwaita watu na mababu zao, huwatukuza, na katika matanga huwalilia. Basi maneno ya Kigiriki yanayomwomba Bwana rehema yanapoimbwa kwa mtindo wa utanzu huo, ombi la liturujia linapata mwili wa maombolezo. Bwana anaitwa kwa sauti ambayo nyumbani huwaita waliotangulia. Hii ni fasiri ya matini, na ni fasiri nzito. Mwanatheolojia angeiandikia sura nzima. Hapa ilifanywa na walimu wa shule pamoja na wavulana ambao mdogo wao alikuwa na miaka 9, kwa sababu masikio yao yalikuwa yamekaa matangani.

Sasa tutazame majina. Jina la kazi linaitaja jamii: Luba. Jina la kwaya linamtaja mfalme wa nchi iliyokuwa ikiitawala Kongo, miaka miwili kabla ya uhuru wa 1960. Jina linaloambatana na utunzi na upangaji ni la Haazen. Mwimbaji kiongozi, mwalimu Joachim Ngoi, anatajwa katika habari za rekodi. Waliobaki bila majina ni wavulana. Wameenea kati ya kabila upande mmoja na mfalme upande mwingine, na katikati hapaonekani mtu. Huu ndio utaratibu tunaourithi tunapoandika juu ya wimbo: 'Jamii: fulani. Mpangaji: fulani.' Tunamshukuru kila mmoja isipokuwa aliyefungua kinywa.

Kazi hii ilifika Kenya pia. Mwaka 1990 kampuni ya Philips ilitoa rekodi ya Missa Luba iliyoimbwa na Muungano National Choir ya Kenya chini ya uongozi wa Boniface Mganga, pamoja na nyimbo za kiasili za Kenya. Waimbaji wa Muungano hawakulelewa katika kasala. Kile ambacho Kamina kilitoka masikioni, kwao kilikuja kama kazi iliyokwisha kuwa maarufu, ya kujifunza. Je, waliiga? Tukishikilia kwamba matini ni maneno na nota, hatuna jibu jingine. Lakini waimbaji wale walikuwa na malezi yao, na kuziweka nyimbo za Kenya ubavuni mwa misa ile kulikuwa ni kusema: nasi tunatoka mahali. Kwa maoni yetu rekodi ya 1958 na ya 1990 ni kazi mbili zenye maneno mamoja, na mhakiki anayetaka kuzilinganisha itambidi aulize ni nani waliimba na walikuwa wamesikia nini kabla yake.

Pingamizi Tatu

Msomaji anaweza kuleta pingamizi. La kwanza ni kwamba kuchunguza malezi ya mwimbaji ni kurudisha ukabila kwa mlango wa nyuma. Hofu hii ina msingi katika nchi yetu, lakini hoja yetu inaelekea upande wa pili. Malezi si kabila. Kijana aliyezaliwa katika mtaa wa Nairobi huenda amelelewa na kwaya ya Kipentekoste, rumba ya baba yake, matangazo ya redio na honi za matatu, na asijue hata wimbo mmoja wa jando la babu zake. Ni uhakiki wa sasa, ule unaoandika jina la jamii kando ya wimbo na kunyamaza, ndio unaomfungia mtu ndani ya kabila.

La pili ni kwamba uzuri wa kwaya ni umoja, na kila sauti ikibaki na malezi yake hapatakuwa na kwaya. Ni kweli kwamba ulinganifu wa sauti ni ufundi wa kujivunia, na walimu wetu wa kwaya wameufikisha mbali. Hatudai kwamba kila mtu aimbe atakavyo. Tunadai kwamba mhakiki ajue kilichonyooshwa ili umoja upatikane. Mbao zikipigwa randa meza hupendeza, lakini fundi anajua ni miti gani.

La tatu ndilo zito. Katika enzi ya Rais Moi, kati ya 1978 na 2002, kwaya za wanafunzi zilisimama viwanjani siku za sikukuu za kitaifa na kuimba sifa za kiongozi. Tukisema kwamba mwimbaji kijana ni mtunzi, je, tumtwike dhamana ya sifa hizo? Hatuwezi. Hapa inatubidi tutofautishe utunzi wa maneno na utunzi wa utendaji. Mtoto wa uwanjani hakuyachagua maneno, na mara nyingi hakuwa na uhuru wa kuyakataa. Kilichokuwa chake ni namna ya kuyabeba. Tofauti hii haidhoofishi hoja yetu, bali inaiwekea mpaka, na inatukumbusha kwamba sauti ya mtu inaweza kutumiwa huku yeye mwenyewe akiwa hajaulizwa. Mvulana wa Kamina na mtoto wa uwanjani wanakutana hapo.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba malezi ya sauti ya mwimbaji kijana hubadilisha uzito wa neno, hubeba dhima ya zamani ndani ya matini mpya, na huweza kuwa fasiri kamili ya maneno ambayo mwimbaji hakuyatunga. Kutokana na haya tunapendekeza kwamba wanafunzi wetu wanaokusanya nyimbo za kwaya waandike mambo matatu kwa kila kiongozi wa wimbo na, inapowezekana, kwa waitikiaji: ni sauti zipi walizozisikia wakiwa wadogo, nyumbani na mahali pa ibada, ni nani aliyewafundisha wimbo unaohusika, na ni kitu gani walichoambiwa wakiache ili wauimbe vizuri. Swali la tatu ndilo linalosahaulika, nalo huenda ndilo litakalotuletea mengi zaidi. Majina yakihitaji kufichwa kwa sababu za kimaadili, yafichwe, lakini watu wenyewe wasifichwe.

Mwanafunzi niliyemtaja alirudi kwenye kanda zake na kuuandika wimbo ule upya, safari hii pamoja na mipindo ya irabu. Ilimchukua siku nyingi, kwa kuwa hati tulizomfundisha hazikuwa na alama za kuionyesha, ikambidi abuni zake. Tanbihi iliyosema kwamba ni kosa la mwimbaji ameiondoa. Badala yake sura imepata kurasa sita kuhusu jinsi wimbo wa magharibi ulivyopokewa na koo la pwani, na jinsi waitikiaji, kufikia ubeti wa tatu, walivyokuwa wameanza nao kuipinda irabu ile bila ya mtu yeyote kuwaagiza. Hilo mwamuzi hakulisikia, nami nisingelisikia lau tungeliacha swali kama lilivyokuwa.